Chagua: mimi au baiskeli!

Msomaji wangu, najua umefungua ukurasa huu kutafuta nani kaachwa na nani kaolewa wiki hii. Usijali, hujapotea njia. Na mimi nina kisa cha mapenzi, tena cha pande tatu. Kuna mimi. Kuna mchumba wangu, ambaye jina lake naliweka kapuni kwa sababu bado nampenda na sitaki machizi wa kijiweni kwao wamcheke. Halafu kuna baiskeli ya gia 16, rangi ya bluu, ambayo inalala chumbani kwangu kati ya kitanda na kabati la nguo.

Mimi ni dada wa mjini kama dada wengine wote. Nimepanga chumba Sinza, nauza dawa kwenye famasi moja Kariakoo, nasuka kila baada ya wiki tatu, na harusini mduara ukianza mimi sikai. Kitu kimoja tu ndicho kinachonitenga na wenzangu. Jumapili asubuhi, wakati mtaa mzima umelala, mimi niko maeneo ya Bunju, jasho linanichuruzika mpaka kwenye kope, napiga pedeli. Sibebi samaki, sipeleki maziwa, hakuna anayenilipa. Naendesha kwa raha zangu tu. Na hapo, ndugu yangu, kwenye hayo maneno "raha zangu", ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

UMEKOSA NAULI?

Wabongo tunaielewa baiskeli yenye mzigo. Jamaa anayetoka feri na tenga la samaki, maji yanadondoka njia nzima, hakuna anayemshangaa. Muuza mkaa aliyefunga magunia kwenye keria mpaka yeye mwenyewe haonekani, tunampisha. Hao wako kazini. Hesabu ya mjini inajulikana: ukiwa choka mbaya unatembea kwa mguu, ukijikongoja unapata baiskeli, mambo yakikunyookea kidogo pikipiki, ukiula gari. Sasa mtu mwenye mshahara wake, tena msichana, kavaa kofia ngumu na miwani, anakwenda Bagamoyo kwa baiskeli na kurudi bila hata dafu moja la kuuza! Lazima watu waulize kulikoni.

Na wanauliza kweli. Makonda wa daladala ndio mabingwa. "Dada, umekosa nauli? Panda, utalipa mwisho wa mwezi!" Mwingine akapiga bodi la gari kwa kiganja: "Suka, mpishe huyo, anawahi fainali!" Bodaboda wao hujipanga ubavuni, wanakodolea macho miguu, halafu wanapotea na moshi wao. Mwanzoni nilikuwa nawajibu. Siku hizi nawapungia mkono kama mgombea ubunge, maisha yanasonga.

Maneno ya makonda yanaishia barabarani. Yanayouma ni ya nyumbani. Bibi mmoja tuliyepanga naye nyumba moja aliniita uani, akanikalisha kwenye kigoda, akashusha sauti: "Mjukuu wangu, hicho chuma kitakutoa usichana. Utamwambia nini mume?" Nilimsikiliza kwa adabu zote, sikubisha. Lakini kwa kuwa nashinda nyuma ya kaunta ya dawa, na maswali ya aina hiyo naletewa na mabinti wengi, nitalisema hapa waziwazi. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Umoja wa Mataifa walitamka kwamba hakuna kipimo chochote cha kitabibu kinachoweza kuonyesha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanaume au hajawahi. Hakuna, narudia. Basi tandiko la baiskeli mnalisingizia bure.

Na tusidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Miaka ya 1890, wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kupanda baiskeli, madaktari waliosoma kabisa waliwatisha kwamba watapata "uso wa baiskeli", yaani macho yatawatoka na taya zitakakamaa kwa kujikaza. Mama mmoja wa Boston mwenye watoto watatu, aliyejiita Annie Londonderry, akaondoka 1894 kuizunguka dunia na baiskeli yake, kwenye maji akipanda meli, akarudi 1895 na uso wake uleule. Kule Saudi Arabia wanawake waliruhusiwa kuendesha mwaka 2013, na ruhusa yenyewe ilikuwa ya kwenye bustani na sehemu za mapumziko, tena wakiwa na ndugu wa kiume pembeni. Lakini nenda Shinyanga ukaone. Mama wa makamo, khanga kiunoni, mzigo kwenye keria, anapiga pedeli kwenda sokoni na hakuna anayegeuza shingo. Kwa hiyo msiniambie habari za mila, jamani. Ni mazoea ya mahali na mahali.

MUDA NAUIBA

Wengi huniuliza, "Hivi wewe muda unaupata wapi?" Muda wa mjini haupatikani, unaibwa. Jumanne na Alhamisi naamka saa 11 na robo alfajiri. Uji wa ulezi nimeupika usiku, uko kwenye chupa ya chai. Nakunywa kikombe kimoja nimesimama. Navaa skintaiti, juu yake kaptura pana ili niwapunguzie watu kazi ya kukodoa, na fulana ya njano inayowaka kama embe dodo. Nabonyeza matairi kwa kidole gumba, nabana breki zote mbili, nazungusha pedeli kinyumenyume nisikilize cheni. Ikilia kama panya inataka oili, na oili yenyewe ni matone tu, maana ukiimwaga sana inashika vumbi, na vumbi linakula meno ya gia.

Saa 12 kasorobo, kukianza kupambazuka, natoka. Sinza, Mwenge, naingia barabara ya Sam Nujoma, nakata kwenda Mlimani. Kile kilima cha Chuo Kikuu ndicho kinachonijua. Napanda mara mbili. Zamani zilikuwa tatu, sababu ya kupunguza utaiona mbele. Mara ya kwanza nachangamka. Ya pili natukana kimoyomoyo mpaka katikati, halafu akili inanyamaza kabisa. Kodi ya nyumba, bosi, michango ya harusi, vyote vinazimika, inabaki pumzi na mguu. Kuna wenzangu kimya hicho wanakitafuta kwenye bia. Mimi nakipata kilimani bure, na asubuhi kichwa hakigongi.

Saa 1 niko nyumbani, naoga, natoka kugombea daladala kama raia wengine. Kazini siendi na baiskeli. Kariakoo sina pa kuifunga, na zile njia za baiskeli zilizojengwa pembeni ya mwendokasi barabara ya Morogoro, mradi ulioanza kazi 2016, ukiingia unakutana na bodaboda, meza za wamachinga na gari la mtu limepumzika. Unatoka unarudi kwenye lami ya mabasi.

Gharama je? Baiskeli yangu ni ya mtumba, imekuja na meli kama mashati yetu. Niliinunua shilingi 350,000 baada ya kujinyima miezi mitano. Tangu hapo mkubwa wangu ni fundi mmoja mzee wa Manzese, mwenye kibanda cha mabati na beseni la maji. Alikataa kunizibia pancha ya pili. "Ya kwanza nimekuzibia, hii unaziba mwenyewe, mwanangu. Tairi haliwezi kukusubiria mpaka ufike Manzese." Akanifundisha: toa tyubu, jaza upepo, izamishe kwenye beseni uone inapotoa mapovu, kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanabandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi. Subiri ikauke mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo ubandike na ukandamize. Siku hizi natembea na msasa, solusheni, viraka na pampu ndogo, na nimeshawazibia wanaume watatu njiani, akiwemo mmoja aliyekuwa ananicheka.

UPEPO WA KWENDA, UPEPO WA KURUDI

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Tunakutana Mwenge, watu tisa, wasichana watatu. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, fundi umeme, wanafunzi wawili wa chuo, muuza vipuri na wengineo. Wa baiskeli ya bei mbaya yupo, na wa baiskeli ya Kijapani yenye kikapu mbele naye yupo, tena huyo wa kikapu ndiye mwenye mapafu. Safari ni Lugalo, Tangi Bovu, Tegeta, Boko, Bunju, halafu mji unaanza kukatika: Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka Bagamoyo. Kwenda tu ni karibu kilomita 60.

Usije ukadanganywa na kwenda. Kati ya Juni na Septemba unavuma kusi, unatoka kusini-mashariki, unakusukuma mgongoni mpaka unajiona bingwa. Unafika Bagamoyo unatamba. Kugeuza baiskeli kurudi Dar, upepo uleule unakuweka mkono kifuani, na jua liko utosini. Desemba na Januari kaskazi ikishika zamu mambo yanageuka, unateseka kwenda na kurudi unateleza. Kwa hiyo tunapanga foleni, mmoja mbele anakata upepo, wa nyuma wanajificha, baada ya dakika chache tunabadilishana. Anayekaa nyuma anaokoa nguvu nyingi, wataalamu wanasema karibu theluthi moja. Na hapo ndipo unapomjua mtu. Wako wanaume wenye vifua vya kutisha ambao zamu yao ya mbele haijawahi kufika.

Bagamoyo tunakula. Chapati, maharage, pweza, dafu mbili mbili. Ndipo ubishi unapopamba moto. Nani zaidi, Chris Froome aliyezaliwa Nairobi 1985 akafunzwa na Mkenya David Kinjah, au Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kuondoka na fulana ya kijani? Sisi wasichana tunawaletea habari ya Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanawake walipigishwa zaidi ya kilomita 160 kwenye vile vilima, akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada ambaye wabishi wetu wote hawakuwa wamemtaja. Kwa wanaume alishinda Tadej Pogačar, na walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliofika mwisho 30. "Sasa nyie mnaonyanyapaa upepo wa Zinga!" mwalimu akawaambia. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

BOKO

Huyo mwalimu ndiye aliyegongwa.

Ilikuwa Jumapili ya mawingu, tunarudi, tumeshafika Boko. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye foleni, pembeni kabisa mwa lami, na fulana yake ya rangi ya machungwa. Gari dogo likampitia karibu mno, kioo cha pembeni kikamgonga mkono. Tulisikia mlio wa chuma nyuma yetu. Tulipogeuka yeye yuko chini kwenye mchanga, gurudumu la mbele bado linazunguka, na gari halikusimama. Halikupunguza hata mwendo.

Mtulinga ulivunjika, mkono ukachunika kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko. Kofia yake ngumu ilipasuka mstari mmoja, kama nazi iliyogongwa mara moja. Kichwa kilikuwa kizima. Nilikaa naye kwenye bajaji mpaka hospitali, na neno alilokuwa akirudia ni moja tu: "Usimpigie mama. Usimpigie mama."

Siandiki haya kukutisha, ila ujue tunachozungumza. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa vijana, kuanzia watoto wa miaka 5 hadi watu wazima wa 29, hakuna kinachoua kuliko barabara. Siyo malaria, siyo ukimwi. Na dawa yake kubwa ni mwendo. Wanasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Sheria yetu inasema mwisho kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Simama Boko Jumapili mchana uhesabu ni wangapi wanaijua.

SICHAGUI

Habari za Boko zilimfikia mchumba wangu. Wiki ile ile tukakutana Sinza, tukaagiza chipsi mayai, akawa hali. Anachoma viazi kwa kijiti anavirudisha sahanini. Mwishowe akasema:

"Sikiliza mama. Mwezi wa nane nawaleta wazee kwenu. Nataka uchague. Mimi au baiskeli."

Nikauliza kwa nini. Akaanza: mama yake kaniona Mwenge kwenye skintaiti, mashoga zake wamemwambia mkwe wako anazurura barabarani na wanaume, washkaji kazini wanamuuliza kama kashindwa kunilipia nauli. Aibu, aibu, aibu. Boko hakuitaja hata kidogo.

Nilimwambia hivi, na namwandikia hapa tena kwa faida ya wasichana wenzangu: "Kaka, mimi nakupenda na nataka kuolewa na wewe. Lakini sichagui. Sikunywi, sikuvuti, sikuchukulii hela yako. Wiki nzima mimi ni wa bosi, wa mama, wa michango, wa kwako. Saa sita za Jumapili ni zangu. Ukinichukulia hizo, utaoa mtu mwingine, siyo huyu unayemtaka." Nikalipia chipsi zangu nikaondoka. Nikafika nyumbani nikalia, tusidanganyane.

Wiki mbili kimya. Hapigi, sipigi. Jumapili ya tatu tukatoka Mwenge kama kawaida, watu wanane safari hii. Tulipovuka Tegeta, mwenzangu akaniambia kuna bajaji inatufuata tangu Mwenge, haitupiti. Nikageuka. Alikuwa yeye, kaazima bajaji ya rafiki yake, kakunja uso kama anaendesha lori la petroli.

Alitufuata mpaka Mapinga. Tuliposimama kunywa maji akashuka, miguu inamtetemeka. Alikuwa ameyaona yote kwa nyuma. Basi la abiria lililotupuliza mpaka baiskeli zikayumba. Yule wa pikipiki aliyekuja upande wetu uso kwa uso. Yale magari madogo yanayopita nusu mita kutoka kwenye kiwiko. Akanivuta pembeni chini ya mkorosho, na hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo kwa miaka mitatu ya uchumba sikuwahi kulisikia.

Alikuwa na kaka yake mkubwa, huko Morogoro. Alikuwa anapeleka nyanya sokoni kwa baiskeli, Phoenix nyeusi. Jioni moja, kigiza kimeingia, hana taa, lori likampitia. Mchumba wangu alikuwa darasa la tano. Ile Phoenix ililetwa nyumbani, ikasimamishwa nyuma ya jiko na gurudumu lake lililopinda kama nane, na mama yake hakutaka iuzwe wala ikarabatiwe. Miaka na miaka kila akienda kuchota kuni anaiona.

"Ile aibu ya washkaji ni maneno tu," akasema. "Ningekwambia naogopa, ungenionaje?"

Nikamwambia ningemwona mwanaume.

MASHARTI

Tuliongea mchana kutwa siku ile, na Bagamoyo sikufika. Alikuja na masharti, nami nikaja na yangu. Sitoki mpaka niione mistari ya kiganja changu bila taa, ndiyo maana kilima cha Mlimani kimebaki mara mbili. Taa ya nyuma inawaka hata mchana, na taa yenyewe kainunua yeye, nyekundu inayopepesa mpaka unaiona kutoka mbali. Mvua ikinyesha, hakuna safari. Shingoni navaa kadi ya plastiki yenye jina langu, kundi la damu na namba za watu wawili. Nikifika Bunju natuma meseji, Bagamoyo meseji, nikirudi Tegeta meseji.

Sharti moja nililikataa. Alitaka niache barabara ya Bagamoyo, nizunguke Mlimani na daraja la Tanzanite tu. Daraja hilo, lililofunguliwa 2022, silidharau. Asubuhi na upepo wa bahari ni raha, na ukimaliza mihogo ya Coco Beach iko pale. Lakini ni kilomita moja na ushee. Nikamwambia ndege wa mwituni humfugi kwenye kikapu. Akanuna. Bado anali­nunia sharti hilo, na mimi bado nalikataa, na tunapendana hivyo hivyo.

Mama mkwe mtarajiwa ni habari nyingine. Nilikwenda kumwamkia, nikapiga magoti, tukakaa jikoni tunachambua mchicha. Sikutaja baiskeli. Yeye ndiye aliyeanza: "Na ukishika mimba?" Nikamjibu, "Mama, hapo tutamsikiliza daktari." Akaendelea kuchambua. Baada ya kitambo akauliza kama ile kofia ni ngumu kweli au ni mapambo. Nikamwambia ya mwenzangu ilipasuka yenyewe, kichwa kikabaki kizima. Hakusema neno. Sikukubaliwa, ila nilifungashiwa mchicha.

Wazee walikuja mwezi wa nane kama ilivyopangwa. Mahari imepokewa, tarehe mtaisikia. Na mwalimu wetu? Mtulinga umeunga, na mkono anaunyanyua mpaka ubaoni. Barabarani hajarudi. Baiskeli yake iko kwa fundi wa Manzese, imenyooshwa, imepakwa oili, inamsubiri. Hatumsukumi. Mwoga wake yeye ndiye anayemjua, na akirudi akiwa na miaka 60 tutampokea.

UNATAKA KUANZA?

Najua kuna msomaji ameshaanza kupiga hesabu ya akiba yake. Karibu sana, ila nisikilize. Usianze na baiskeli ya bei mbaya. Anza na inayokutosha. Ukiwa umekaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limepinda kidogo tu. Tandiko likiwa chini sana utaumwa magoti, usije ukasema baiskeli ina mkosi. Kofia ngumu kabla ya miwani ya kuuzia sura. Kaa kushoto, lakini usijibanze kwenye mchanga wa ukingoni, maana gurudumu la mbele likizama humo unakwenda chini. Kwenye rasta na matuta nyanyua makalio kidogo, magoti yawe laini. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ndizi mbivu mbili mfukoni zinatosha kukutoa Tegeta mpaka Mapinga. Na usiende peke yako siku ya kwanza.

Na wewe dereva unayesoma hapa kwenye foleni, maana najua mnasoma: ukituona mbele, subiri sekunde kumi, halafu tupite kwa nafasi ya mita moja na nusu. Hutachelewa kokote. Yule mwenye tenga la samaki ana watoto wanaomsubiri, na huyu wa fulana ya njano ana mchumba anayehesabu meseji. Barabara haijui nani yuko kazini na nani yuko kwenye raha zake.

Jumapili hii kusi imeanza. Kwenda ni kuteleza, kurudi shauri yetu.